Gundi na Soka la Pasi

Redio ya Kinyozi haijamaliza hata habari za michezo, benchi letu la nje ya kibanda chake likawaka moto. Gundi kapewa timu. Gundi yule yule, mshambuliaji wetu wa zamani, aliyeitwa hivyo kwa sababu mpira ukishafika mguuni pake haubanduki mpaka aupige golini au anyang'anywe. Na mtangazaji, bila aibu, akasema kocha mpya anakuja na soka la pasi.

Mzee Filimbi, refa mstaafu, kahawa ikampalia.

"Mechi zake nimechezesha mimi," akasema akikohoa. "Pasi aliyonayo yule ni ya kunyooshea nguo. Na hiyo nayo hamwazimi mtu."

Tukacheka wote isipokuwa Toa, fundi baiskeli. Toa alikuwa winga. Maisha yake yote ya soka alikimbia ubavuni mwa Gundi akipaza sauti, "Toa! Toa!" mpaka jina alilopewa na wazazi likapotea. Hata mama mkwe wake anamwita Toa.

Kinyozi akamuuliza mbona leo kapoa. Akajikuna kwa mkono wenye grisi, akasema Gundi kampigia simu jana, anamtaka awe msaidizi wake, na leo anakuja kuchukua jibu.

"Nenda," Kinyozi akasema. "Aliyekula nawe zamani kakukumbuka."

"Tulikula wapi? Alikula peke yake, mimi nilinusa. Sijafunga hata bao moja, Kinyozi. Nikienda, si nitakimbia bure tena?"

Hapo hatukucheka. Iliuma, na kila mtu alijua kwamba iliuma.

Akitajwa huja. Gundi alifika, kitambi mbele, filimbi shingoni, akajibana katikati ya benchi, akapokea kahawa, akalivuta kopo la sukari na kuanza kujitilia. Akatueleza yaliyomkuta mazoezini. Vijana wake hawapeani mpira hata kidogo, kila mmoja anataka kupiga chenga hadi golini. Wamekua wakimtazama yeye, ndiyo soka wanalolijua. Akiwaambia watoe pasi, wanamcheka.

"Nahitaji mtu wa kusema 'toa' bila kuchoka," akamwambia Toa. "Nimefikiria sana, naona ni wewe tu."

Toa akamkazia macho. "Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia, ndugu yangu. Nilidhani unanishangilia."

Mzee Filimbi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Toa hakucheka. Alikitazama kikombe chake kisicho na sukari, kisha kopo la sukari ambalo Gundi alikuwa amelikumbatia tangu aketi.

"Toa," akasema, kwa sauti ile ile ya uwanjani.

Gundi akashtuka. Akamtazama Toa, akalitazama kopo, akalirusha.

Lilikuja vizuri kabisa, usawa wa kifua. Likapita katikati ya mikono miwili ya Toa, likatua chini, sukari yote ikamwagika vumbini.

Kinyozi akafungua kinywa kulalamikia sukari yake, lakini Mzee Filimbi alishainua mkono kama anayesimamisha mchezo.

"Msimlaumu," akasema. "Ndiyo kwanza anapewa pasi."

Toa akajipangusa magoti, akacheka kuliko sisi sote, kisha akamuuliza Gundi mazoezi yanaanza saa ngapi.