Kauboi Wasio na Farasi

Jumapili, tarehe 8 Juni 2025

Nimekwisha. Mimi Mwalimu Elieth, mstaafu, mjane, mtu na heshima zangu hapa Isevya, nimekwisha kwa sababu ya biskuti.

Mwanangu Julieth kapiga simu kutoka Morogoro, sijavua hata viatu vya kanisani. Anakuja Jumatano na mjukuu wangu Flavia. Nikafurahi. Jumamosi Flavia anatimiza miaka saba, sherehe ifanyike kwangu. Nikafurahi zaidi. Mtoto hataki keki, siku hizi ni kauboi tu, kofia yake analala nayo, anataka biskuti za kauboi. Nikasema hakuna wasiwasi. Ndipo akamalizia: anataka kuzioka mwenyewe, pamoja na Bibi, maana hakuna duniani anayeoka biskuti kama Bibi.

Hapo nikakaa chini. Na bado mdomo ukasema tena, hakuna wasiwasi. Huu mdomo!

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Sijapata kuoka biskuti ikalika. Nimefundisha sayansikimu miaka ishirini na saba, ndiyo, lakini jiko la shule liliharibika mwaka wangu wa pili na halikutengenezwa. Nilifundisha ubaoni. Hatua ya kwanza, hatua ya pili. Mwandiko wangu ulisifiwa mpaka wilayani. Biskuti ninazomtumia Flavia kila Krismasi zinaokwa na Bi Sakarbai kule mjini, mama yake Fakhrudin wa duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nazitia kwenye kopo na kufunga utepe. Utepe ni wangu.

Hapa mtaani anayejua ni mmoja tu, jirani yangu Mektilda, na hajawahi kunyamaza. Amelitangaza harusini, amelitangaza msibani, amelitangaza bombani kwenye foleni ya maji: huyu Mnyamwezi hajui hata kukoroga uji, biskuti ananunua! Na kila mara watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Kwa nini? Kwa sababu Mektilda ni Mgogo. Sisi ni watani tangu babu zangu walipokuwa wakipita kwao na mizigo ya pembe kichwani, wakielekea pwani. Neno la mtani nani atalipima? Miaka yote hii ananisema ukweli hadharani, na ukweli haujanigusa. Mungu aubariki utani.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimekwenda mjini kwa bodaboda. Bi Sakarbai alikuwa kibarazani anachambua iliki. Nikamwamkia. Marahaba, Mwalimu, akasema, Krismasi imewahi mwaka huu? Ana maneno mama huyu.

Nikamweleza. Akauliza kauboi ni nani. Nikasema ni mtu wa kofia pana, anaswaga ng'ombe. Akasema aa, Msukuma. Nikasema hapana, wa Marekani, huyu ana farasi. Akasema mradi anaswaga ng'ombe. Akamwita Fakhrudin, Fakhrudin akamwita fundi bati wa nyuma ya duka, na fundi akaambiwa akunje vibati vya kukatia vya aina tatu, kofia, mtu na farasi, seti mbili, moja yake Bi Sakarbai na moja yangu. Fundi hajapata kumwona farasi. Mimi pia, kwa macho yangu, bado. Tukakubaliana kwamba ni punda aliyenyooka.

Halafu Bi Sakarbai akaweka ungo chini. Akaniambia nimlete mtoto hapo Alhamisi, atatufundisha wote wawili, kwa muda wa saa mbili tu, kazi yenyewe nyepesi. Nikamwambia Bi Sakarbai, mimi ni mwalimu wa sayansikimu! Akanitazama juu ya miwani. Akauchukua tena ungo wake. Afadhali angesema.

Mpango wangu ni huu, na ni mzuri. Yeye ataoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi mimi na Flavia tutakanda, tutakata, tutatia jikoni. Zikiwa jikoni namtuma mtoto mahali. Natoa zetu, naingiza za Bi Sakarbai. Mfuniko ukifunuliwa, kauboi hao! Nani atajua?

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimefanya jaribio. Si kwamba nina shaka na mpango. Ni ili mikono ionekane imezoea.

Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani, mkaa juu ya mfuniko. Yote kama nilivyoandika ubaoni. Nilitia biskuti kumi na sita. Ikatoka moja. Ya duara, upana wa sufuria, nyeusi chini na mbichi katikati. Nikawatupia kuku. Jogoo akaisogelea, akaikanyaga, akaondoka na wake zake.

Mektilda akachungulia juu ya ua na kuuliza kama nimeanza kukausha tumbaku kama watu wa Sikonge. Nikamjibu kwamba Mgogo hajui harufu ya chakula. Jibu dhaifu. Sasa hivi nimepata jibu kali sana, lakini ameshaingia ndani.

Vidole viwili vimeungua. Nina miaka sitini na tatu. Nimelia kidogo juu ya karai.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Wamefika. Flavia kashuka kwenye basi na kofia ya kauboi imemziba macho, akapaza shikamoo Bibi mpaka wapiga debe wakaitikia marahaba. Mke mwenzangu huyu! Nikambeba, mgongo ukalia, sikujali.

Kisha mabaya yakaanza kutoka kwenye begi. Kwanza makopo yangu, yote sita, ameyatunza kama vyeti vya shule. Pili aproni, ameipaka rangi mwenyewe darasani kwao: BIBI BINGWA. Herufi zimelala upande. Amenivalisha, amenifunga kamba nyuma kwa vile vidole vyake, na nimesimama nayo jikoni nikitamani ardhi ipasuke.

Akauliza natia mayai mangapi. Nikasema manne, kama ubaoni. Akaandika kwenye kidaftari. Ana kidaftari! Sijui karithi wapi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Flavia kaamka anataka tufanye mazoezi ya kuoka. Nikafunga bandeji mkono wa kulia. Julieth akauliza mkono una nini. Nikasema baridi ya Juni. Mchana nikala ugali kwa mkono huohuo. Julieth akatazama bandeji, akatazama tonge, akaendelea kula.

Jioni Mektilda akaja kumwona mgeni. Hakupoteza muda. Akamwambia mtoto uso kwa uso: Bibi yako hajui kuoka, zile zote ulizokula ni za Sakarbai. Julieth akacheka hadi chai ikampalia. Flavia hakucheka. Akanigeukia, akauliza kama ni kweli.

Nikamwambia huyu ni mtani wetu. Akauliza mtani ni nini. Nikasema ni mtu aliyeruhusiwa kutusema vyovyote, na sisi haturuhusiwi kukasirika. Akafikiri. Akauliza, kwa hiyo mtani hasemi kweli? Nikasema kamwe.

Akaliandika na hilo. Mektilda aliacha kucheka, akaaga mapema. Mimi moyo umeniuma kuliko vidole.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Loo! Mpango umekamatwa njiani.

Biskuti zenyewe nzuri, jamani! Kofia kumi na mbili, kauboi kumi na wawili, farasi kumi na wawili wenye masikio marefu. Kauboi wameshika fimbo za kuchungia na wamevaa mabuti ya mvua, maana fundi alimchora mtu anayemjua. Bi Sakarbai akaniuliza tena habari ya kumleta mtoto. Nikasema mwaka ujao. Nikazifunga mifuko mitatu, nikaifukia ndani ya kiroba cha michembe. Nani atafukua viazi vikavu vya mwanamke mzima?

Mektilda. Alisimama katikati ya kichochoro, mikono kiunoni, akasema hongo. Babu zangu hawakupita Ugogo bila kutoa hongo ya njia, na mimi sipiti. Haki yake hiyo. Nikamwambia achote michembe anipishe. Akazamisha mkono mpaka kiwikoni. Akaibuka na mfuko wa farasi.

Tukatazamana, mimi na yeye na farasi. Nikamsihi. Nikamwita dada. Akasema hongo ni hongo, akaingia nao ndani. Nimshitaki wapi? Na kununa siwezi, nikinuna mtaa mzima utasema Mwalimu kakasirikia utani. Mayo wee! Nimebaki na kauboi wa kutembea kwa miguu.

Kile kibati cha farasi nimekitupa nyuma ya kabati. Nitasema kimepotea.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Siku yenyewe.

Asubuhi tulikanda, mimi na Flavia. Humu sidanganyi: sijapata asubuhi nzuri kama ile tangu nistaafu. Unga puani, unga kwenye kofia, mayai manne na ganda la moja. Tukakata kwa vibati. Aliimba muda wote. Kofia moja akaibonyeza kidole katikati, pakatokea tundu, akasema hiyo ni yake, imepigwa risasi. Tukatia jikoni. Nikawaza kuuacha mpango. Nikawaza kweli kweli. Halafu nikasikia harufu.

Nikamtuma akaazime sinia nyumba ya mbele. Nikafunua. Nyeusi! Nikazikimbiza kwenye ndoo ya majivu nyuma ya banda la kuku, nikapanga za Bi Sakarbai, nikarudisha mfuniko. Flavia akarudi mbio, nikafunua kwa madaha. Akapiga makofi. Kisha akainama, akaangalia kofia moja moja, zote kumi na mbili. Akainuka. Akanitazama. Mimi nikajitia kushughulika na chai.

Saa kumi wageni wakajaa. Sifa, jamani! Consolatha wa kwaya akasema zinayeyuka mdomoni. Mtoto mmoja akauliza kauboi gani hawa hawana farasi. Nikasema farasi wako malishoni. Ndipo Mektilda akaingia na sahani. Farasi kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa anamtafuna. Akaiweka katikati ya meza, akatangaza kwamba Sakarbai ndiye aliyeoka zote, yeye aliwatoza farasi hawa hongo jana, na Mnyamwezi leo kaunguza unga tu.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Julieth alifuta machozi. Mimi pia nilikuwa nacheka, kwa mazoea, mpaka nilipomwona Flavia. Ananitazama chini ya kofia. Anangoja.

Sikuweza kuendelea. Nikasimama na aproni yangu, nikasema ni kweli. Hizi si zangu. Sijawahi kuoka hata moja. Zote za Krismasi ni za Bi Sakarbai.

Kicheko cha pili kikazidi cha kwanza! Consolatha akadondosha kikombe. Wakasema leo Mwalimu kamweza mtani wake! Nikarudia, ni kweli kabisa. Wakanipigia vigelegele. Mektilda peke yake akanishika bega, akaninong'oneza: pole, ndiyo maisha yangu haya, kusema kweli nikachekwa.

Nilipogeuka Flavia hakuwepo mezani. Nilimkuta baadaye sana, ananawa mikono bombani, mikono myeusi hadi viwiko. Akasema alikuwa anacheza.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Wameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Baridi na vumbi.

Julieth alipokuwa anagombana na utingo juu ya mizigo, Flavia akafungua begi lake. Akatoa kopo langu la Krismasi iliyopita. Ndani yake kitambaa, na ndani ya kitambaa kofia nyeusi tii, ina majivu pembeni, ina tundu katikati. Akatia kidole tunduni. Kikaenea.

Akasema hii ndiyo ya kwetu. Akasema amelifuta lile neno la mtani kwenye kidaftari. Kisha akaniomba Krismasi nimtumie zangu mimi. Hata kama zimeungua. Zile nzuri hazitaki tena.

Nikaahidi. Nililia mbele ya wapiga debe, nao wakanipisha benchi. Nimempenda yule mtoto tangu hajajua kukaa, na ndiye mtu wa kwanza kutaka kitu nilichopika mimi. Nimerudi nyumbani nimeapa. Kesho nakwenda kwa Bi Sakarbai kujifunza. Mikono yangu mwenyewe, sidanganyi tena ng'o.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Nimefika kwa Bi Sakarbai mapema, aproni mkobani. Nikamwambia nimekuja kufundishwa. Alifurahi kweli, akavua bangili, akaniambia ninawe mikono tuanze.

Nikatazama bakuli. Nikatazama vidole vyangu vilivyoungua. Nikakumbuka jogoo. Na wazo likanijia, zuri mno, sijui lilikuwa wapi wiki nzima. Mtoto anataka zilizoungua. Sasa kuunguza nako kuna ufundi wake: chini ziungue, pembeni ziungue, zisivunjike njiani mpaka Morogoro. Hiyo si kazi ya mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Basi nimeagiza kopo moja la Desemba. Kofia tupu, nyeusi. Bi Sakarbai alinitazama tena juu ya miwani. Akasema tangu aolewe hajaombwa kuunguza kwa makusudi, ila atajaribu. Nikamwambia moja aitoboe katikati kwa kidole, kidole cha mtoto wa miaka saba. Akauliza kidole hicho atakitoa wapi.

Nikamwambia hakuna wasiwasi.