Tembo Hawakugusa Waya Wangu

Leo nimeaibika, na wa kulaumiwa ni mimi na mdomo wangu.

Kwanza mjue nyumba ilivyo. Nimerudi kwa Mama hapa Voi baada ya miaka mingi ya kuzurura: Malindi, Lodwar, Bomeni kule Taveta. (Mama husema nimekuja kupumzisha viatu.) Waya wa intaneti unaingia kwenye kompyuta yangu sebuleni. Kutoka kwangu nikavuta waya mwingine hadi chumbani, kwa mpwa wangu Wakesho, naye akapata mtandao. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe wiki jana, na kila mgeni aliyeingia nimemwonyesha.

Leo saa tano Wakesho alikuwa na mahojiano kwa video. Kazi ya kwanza kuitwa tangu amalize chuo. Nikamwambia, "Wewe shughulika na majibu. Mtandao niachie mimi."

Saa nne na nusu joto lilikuwa limeshika. Kompyuta yangu ikaanza kunguruma kama kinu cha mahindi. Nikafanya ninavyofanya kila siku jua likipanda: nikaizima ipumzike, nikaifunika kitambaa cha Mama cha kufuma, nikatoka kibarazani. (Siku nyingine saa hizo Wakesho huwa dukani kwa mamake.) Nikaitazama milima, nikakumbuka ukungu wa kule Ronge na viazi vya marehemu nyanya. Roho yangu ilikuwa imetulia kabisa.

"Mjomba, mtandao umeenda."

"Umeenda wapi?"

"Mjomba, zimebaki dakika ishirini."

Nikaingia chumbani. Nikaizima kompyuta yake, nikaiwasha. Nikachomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Wapi. Nikatoa uamuzi kwa sauti ya mtaalamu: "Hawa ni tembo. Wameangusha nguzo mahali."

"Tembo wa saa hizi?"

"Tembo hana saa."

Nikapigia kampuni ya mtandao. Akashika dada mmoja mpole. "Laini yako iko sawa, mzee. Ile kompyuta inayopokea waya imewaka?"

"Dadangu, mimi nimefanya kazi cyber ukiwa bado nasari." Nikakata simu.

Saa tano kasoro dakika tatu. Wakesho amevaa blauzi yake ya kanisani, amefungua ukurasa wa mahojiano, kiduara kinazunguka tu. Haongei. Hilo ndilo lililonitisha. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza kuukagua waya ukutani, kichwa ndani, makalio nje.

Mama akaita kutoka sebuleni. "Baba, hii yako uliyoifunika si ndiyo inampa mwenzake?"

"Mama, haya ni mambo ya teknolojia."

"Sawa. Lakini ukifunga tangi, bomba la jikoni litatoa nini?"

Jasho lililonitoka pale si la joto la Voi. Nikasikia kitambaa kikikunjwa, kisha kitufe kikibonyezwa. Mama hakungoja nijibu.

Ningetoka wakati huo ningepona. Lakini mdomo wangu ulikuwa bado unaendelea. "Hata kama ilikuwa imezimwa," nikahubiria ukuta, "hawa tembo siku moja watatuua na njaa, na serikali imekaa tu, na ile kampuni imeajiri watoto..."

"Habari ya asubuhi," ikasema sauti ya mwanamume, nzito, ya ofisini.

Nikaganda.

"Wakesho, tunakuona vizuri. Na huyo aliyeko chini ya meza pia tunamwona. Ni nani?"

Mpwa wangu, ambaye nilimbeba mgongoni akiwa na miaka miwili, akajibu bila kusita, "Ni fundi, bwana. Anamalizia."

Hakusema mjomba. Fundi.

Nikatoka kinyumenyume kwa magoti hadi mlangoni, mbele ya watu watatu wenye tai. Nikawasikia wakicheka, na Wakesho naye akicheka, na sauti yake iliyokuwa imekauka tangu asubuhi ikafunguka. Swali la kwanza lilikuwa: tueleze unafanyaje kazi mambo yakiharibika. Alijibu kwa dakika nne. Mfano wa kutoa alikuwa nao.

Jumatatu ameitwa Wundanyi kwa mahojiano ya pili, ya ana kwa ana. Mama amekichukua kitambaa chake na kukifungia kabatini.

Mnaotaka kucheka, chekeni polepole. Mama akisikia ataanza tena habari ya tangi.