Presha ya Mama Mkwe

Jumatatu, 28 Januari 2008
Mama mkwe ameletwa hapa kwangu Elburgon kwa lori la mbao, polisi wakilisindikiza. Hospitali huko Nakuru imejaa majeruhi wa ghasia za uchaguzi. Mke wangu Nyakio, nesi huko, hawezi kutoka. Ametuma mashine ya presha na maagizo: nimpime mamake mara tatu kwa siku, nimtumie vipimo kwa meseji, daktari avisome na kuamua dawa. Hospitali nzima ndani ya simu yangu! Kang'ethe, kaka yake Nyakio, alitaka kumchukua mama kwake. Nikakataa. Miaka kumi Kang'ethe ananiita mkwe hasara. Sasa atanitambua.

Jumanne, 29 Januari
Balaa. Mashine inafungwa juu ya kiwiko. Mkono wa mama mkwe! Kwetu mkwe hata kitanda chake hakaribii. Nikasimama mlangoni nikitazama dari. Yeye akajifunika leso mpaka shingoni. Jirani yetu Tabby, anayemwogesha, angeweza kumfunga, ila habari ingemfikia Kang'ethe kabla ya chai. Nikajifunga mwenyewe. 118 kwa 76. Nikatuma. Daktari amefurahi sana.

Alhamisi, 31 Januari
Daktari amepunguza dawa. Kidonge kimoja badala ya vitatu. Nikampa mama habari njema kutoka mlangoni. Akasema kichwa kinapasuka na haoni vizuri. Nikamwambia mashine haidanganyi. Kang'ethe alipita, akauliza kama kweli namshika mama mkono. Nikamjibu kwamba matibabu ya kisasa hayajui mila. Akaenda zake. Raha iliyoje!

Ijumaa, 1 Februari
Chai inamtoka mama upande mmoja wa mdomo. Tabby akataka nimpigie Nyakio. Nikasema vipimo ni vizuri. Lakini niliogopa. Nikafika hadi kitandani na mashine. Mama akaniangalia, akauingiza mkono ndani ya blanketi. Nikarudi mlangoni. 124 kwa 80. Hata presha yangu imepanda!

Jumamosi, 2 Februari
Nilikuwa dukani nikichaji simu. Saa saba ikafika, nikajipima papo hapo, nikatuma. Nyakio akapiga mara moja.
"Jamleck, Kang'ethe ameniambia mama alituacha saa tano. Hii presha ya saa saba ni ya nani?"
Nikasema netiwaki ilichelewesha meseji ya asubuhi. Akaamini. Aliyefiwa huamini. Nikakaa juu ya gunia la viazi nikalia, nikalia kweli. Huyu mama ndiye aliyenitetea nilipokuja kuposa bila hata mbuzi mmoja.

Jumatatu, 11 Februari
Tulimzika Jumamosi. Majonzi yamempandisha presha baba mkwe, aliyehamia kwangu baada ya mazishi, na daktari anataka vipimo. Nyakio ameniachia mashine tena. Baba ni mwanamume mwenzangu, hakuna aibu ya mkono. Tatizo ni kwamba Mzee analala sana, na kumwamsha ni kukosa adabu. Hata hivyo, kosa langu nimeliona: kabla ya kutuma, nimuulize Tabby kama mgonjwa bado yu hai. Vipimo vyenyewe nimeshaviandika hadi Ijumaa.