Palizi ya Kivinjari

Jumanne, 21 Novemba 2006

Megabaiti zimebaki robo. Mwezi umebaki siku tisa. Hesabu hii haihitaji mwalimu.

Baba Paroko Desderius aliingia asubuhi akasimama mlangoni, hakukaa. Dalili mbaya. Alisema mwezi wa tisa kifurushi cha megabaiti kilikwisha kabla ya wakati, mwezi wa kumi vilevile. Kikiisha tena kabla ya tarehe thelathini, dishi linashushwa na chumba hiki cha mtandao kinakuwa ghala la maharage. Kisha akayapima madirisha kwa macho. Mtu akishaanza kupima, nusu ameshaamua.

Mimi ni msimamizi msaidizi. Ghala la maharage halina msimamizi msaidizi!

Msimamizi mwenyewe ni Theodosia. Alisema tutafute nani anakula megabaiti. Nikasema wakimbizi, kwa kuwa hawakuwepo kujibu. Theodosia akasema watu wa kambi ya Lukole huja kwa kibali, wanasoma barua ya mistari minne, wanaondoka. Akaniuliza mimi huwa nasoma nini kutwa nzima.

Nilienda kufagia.

Jumatano, 22 Novemba

Amekuja Ndayisaba. Mrundi, fundi redio wa kambini. Kibali chake cha siku moja hukikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, kama cheti cha ubatizo. Kompyuta alijifunza kwenye kitabu kisicho na jalada, ambacho kurasa zake arobaini za mwanzo zilishatumika kuwashia moto.

Alitazama ukurasa ukifunguka. Likaja trekta. Vikaja viatu. Akaja mwanamke anayecheka peke yake. Mwisho kabisa, chini, ikaja barua. Ndayisaba akasema barua ni punje, matangazo ni gunia, nasi tunabeba gunia kila tunapotaka punje.

Akatoa sidii yenye mikwaruzo. Ndani yake kivinjari kingine, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, pamoja na kidude cha kuzuia matangazo. Nilishangaa. Miaka yote nilidhani kivinjari kinachokuja na kompyuta ndicho ulichooa.

Nilipinga, kwa misingi. Msingi wenyewe ni huu, na usitoke kwenye shajara hii: Mzee Shibuda, Msukuma aliyehamia hapa kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, huja kila Ijumaa na kibuyu cha maziwa. Mimi namfungulia lile trekta alitazame. Yeye ananiachia maziwa. Hakuna anayeumia.

Theodosia hakusikiliza misingi. Sidii ikaingia. Barua ikafunguka kabla sijamaliza mwayo mmoja. Nilijikuta nimempa Ndayisaba mkono. Haikuwa nia yangu.

Ijumaa, 24 Novemba

Msiba. Mzee Shibuda amekaa kwenye kiti, ametazama kioo cheupe, ameuliza kwa sauti ya chumba kizima: “Ng'wanawane, mwanangu, trekta langu nani kalinunua?”

Theodosia aligeuka kunitazama. Nikamwamkia mzee shikamoo mara ya pili ili kupata muda.

Ndayisaba alikuwepo, akamweleza mzee taratibu. Kwamba trekta lilikuwa linakula chakula cha chumba. Kwamba kivinjari hiki kipya hakikutengenezwa na tajiri. Kimetengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengine hawalipwi, na orodha ya matangazo ya kuzuiwa huandikwa na mtu mmoja akishatoka kazini kwake. Wanaishi kwa michango.

Mzee Shibuda alifikiri. Kisha akauliza shamba la watu hao liko wapi.

Ndayisaba akasema hawana shamba.

Mzee akasema kwao mtu akichimba kisima wote wakanywa, siku moja majembe huenda kwake, na hakuna anayesubiri kuombwa. Kama hawana shamba, basi tulime la mwingine, ujira tuwapelekee. Eustakia, mwenye kilabu cha rubisi, pombe ya ndizi, ana maharage yanayotaka palizi. Jumatatu!

Maziwa alimpa Ndayisaba. Kibuyu chote.

Jumapili, 26 Novemba

Jana kutwa nilikuwa nafikiri. Hatimaye nimepata. Matangazo yamezuiwa ndani ya kioo. Nje ya kioo nani amezuia?

Niliandika matangazo saba kwa mkono, nikayabandika kuzunguka vioo kwa uji wa muhogo. RUBISI YA EUSTAKIA, HAINA MAJI. Fundi baiskeli. Mganga wa kuku. Kila mwenye tangazo aliniahidi kitu cha kutafuna au kunywa. Wala megabaiti hata moja haikuliwa!

Baada ya misa walijaa. Priscila, karani wa kata, alilalamika kwamba barua yake anaiona katikati tu, “Mpendwa” amefunikwa na baiskeli. Nikamwambia huo ndio ulimwengu wa sasa. Saa nane sisimizi walifuata uji. Saa tisa walikuwa ndani ya kibodi, na herufi M ikagoma.

Theodosia alibandua yote kwa kisu cha jikoni. Alisema yeye kuzuia matangazo hahitaji sidii. Kesho, alisema, niko mstari wa mbele wa palizi.

Jumatatu, 27 Novemba

Nilifika shambani na daftari. Nikajitambulisha kuwa Balozi wa Kivinjari, Kanda ya Ntobeye, nikatafuta kivuli cha kusimamia. Mzee Shibuda aliuliza kama balozi ana mikono. Walicheka mpaka Eustakia akashika mgomba. Nikapewa jembe.

Watu thelathini! Wahangaza wenyeji, Wasukuma, wanawake wa jumuiya ya kanisa na kanga viunoni. Nusu yao hawajawahi kugusa kompyuta. Wengine walikuja kwa sababu mzee ameita, wengine kwa sababu barua ya mtoto wao wa Mwanza sasa inafunguka. Waliimba mstari kwa mstari na magugu yakawa yanakimbia.

Ndayisaba naye alikuwepo. Kibali chake ni cha siku moja. Aliitumia siku hiyo kuinama. Nilimuuliza, kwa siri, ana kichaa gani.

Akasema, “Kaka Telesfori, mwaka ule tulipovuka mpaka, mtu wa hapahapa alinipa viazi, hakuniuliza jina. Na hawa wa kivinjari hawakuniuliza.” Akaendelea kupalilia.

Nilipalilia mistari miwili ya ziada bila kuambiwa. Eustakia anadai mmoja ulikuwa wa maharage yenyewe.

Alhamisi, 30 Novemba

Baba Paroko alikuja saa kumi na moja jioni, akavaa miwani, akainama kwenye kioo. Theodosia alikuwa ameshika rozari chini ya meza.

Megabaiti zimebaki! Nyingi! Barua zote zimesomwa, na bado zimebaki!

Chumba kinabaki chumba. Ujira wa palizi Baba Paroko ataupeleka jimboni, wautume kwa watengenezaji. Alimshukuru Ndayisaba kwa kumwita mwalimu, mbele ya watu, na Ndayisaba alitazama miguu yake. Alimshukuru Mzee Shibuda. Alimshukuru Theodosia mara mbili. Kwangu alisema Mungu ni mkubwa, maana hata Telesfori hakuweza kuliharibu jambo hili.

Nimelichukua kama pongezi.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimejifunza mengi wiki hii. Kubwa ni kwamba watu wakimwona mtu anatengeneza kivinjari huru, wanakuja na majembe.

Kwa hiyo leo nimeanza kutengeneza changu. Kitaitwa Telesfori. Kompyuta bado sijaigusa, kazi iko kwenye hatua za mwanzo, na hatua ya kwanza ni ekari yangu ya mihogo, ambayo magugu yameizidi kimo. Tangazo nimeshalipeleka kwa mzee na kwa wanawake wa jumuiya: Jumatatu, saa moja asubuhi, kila mtu na jembe lake, kwa ajili ya uhuru wa mtandao.

Mimi nitakuwa kivulini, natengeneza.