Madebe ya Mafuta Mvunguni

Jumatatu, 5 Novemba 1956
Alhamdulillahi! Redio ya mkahawani hapa Ngamiani imesema Mfereji wa Suezi umefungwa na vita. Meli zimezamishwa humo, mafuta hayapiti. Wenzangu wakasikitika. Mimi nikaacha kahawa yangu, nikatoka mbio. Nimeuza baiskeli, nimenunua madebe yote ya mafuta ya taa niliyoyapata Makorora. Tanga ikiwa giza, watakuja kwangu mimi, Idarusi! Jirani yangu Zubeiri, ajionaye fundi wa biashara, hana habari.

Jumanne, 6 Novemba
Madebe yamejaa mvunguni. Mke wangu Mboni kagoma kupika, anaogopa kuwasha moto. Bi Asmahani wa nyumba ya pili katuletea wali na samaki. Mama mwema! Sikumwambia kwamba mafuta yatapanda bei. Zubeiri kauliza baiskeli iko wapi. Nikasema iko kwa fundi.

Alhamisi, 8 Novemba
Yarabi! Debe limevuja, sikuona. Magharibi nikafukiza ubani ili biashara ipate baraka. Kaa likadondoka mkekani. Moto! Nikatoka mbio, nimeshika kofia. Mboni yumo ndani! Zubeiri ndiye aliyeruka ua, akamtoa, akarudi na mchanga, akauzima, akaburuta madebe nje. Nyusi zake zimeungua zote. Nililia, nikambusu mkono. Akasema, "Idarusi ndugu yangu, si ungeniambia tu?"

Ijumaa, 9 Novemba
Baada ya swala nikampelekea Hakimuddin mwenye duka madebe yaliyobaki, ayanunue. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe mafuta yetu yanatoka Ghuba ya Uajemi, yanateremka huku moja kwa moja. Suezi hayaijui! Wanaohangaika ni watu wa Ulaya. Nimeyagawa yote: Bi Asmahani kwanza, Zubeiri debe zima. Mboni yu hai, paa lipo. Nimuombe Mola nini tena?

Jumapili, 11 Novemba
Redio tena! Meli za mafuta ya Ulaya sasa zitaizunguka Afrika. Afrika nzima! Basi lazima zipite hapa. Na mabaharia wote hao watakula nini? Kuku! Kesho alfajiri naenda Nguvumali, nitanunua kila kuku mwenye miguu. Nashukuru sana kwa akili niliyopewa. Zubeiri simwambii neno, asije akanitangulia. Mboni naye hajajua bado kwamba kitanda kimeshauzwa.