Sauti Yangu na Ngoma ya Mfalme

Jumatatu, 3 Machi
Makumbusho yetu yamefungiwa Wi-Fi ya bure! Mkurugenzi katuambia kila kifaa cha maonyesho kitabandikwa alama ya QR. Mgeni anaiskani kwa simu, anasikia maelezo. Atakayerekodi maelezo hayo vizuri atakuwa mkuu wa kitengo cha wageni. Nimekohoa kidogo, asikie sauti ilivyo nzito. Kipara, mwongoza wageni mwenzangu, naye akakohoa. Mwigaji mkubwa!

Jumanne, 4 Machi
Nimemuwahi mkurugenzi asubuhi. Nikamnong'oneza kuwa Kipara ana kithembe. Akasema hajawahi kukisikia. Nikamjibu kinakuja kwa msimu. Kazi ya kurekodi nimepewa mimi!

Jumatano, 5 Machi
Nimerekodi nyumbani, jikoni. Kwingine kote sauti inarudi kama pangoni. Mke wangu kasafiri, kaniachia mama yake anichunge. Fundi wa mitandao alinisihi nisikilize kila rekodi kabla ya kuipandisha. Ushauri wa watu wasiojiamini. Nimepandisha zote kwa mkupuo.

Alhamisi, 6 Machi
Uzinduzi. Wageni wameizunguka ngoma ya mfalme, simu sikioni. Mimi kando, kifua mbele. Sauti yangu ikatoka kama asali: ngoma hii ilipigwa siku ya kutawazwa tu... Mara, ndani ya rekodi hiyo hiyo, sauti ya mama mkwe, tena wazi kabisa: "We baba! Maharage yanaungua, wewe unabwabwaja na simu! Binti yangu alikupendea nini?"
Ukumbi mzima vicheko! Bibi mmoja karudia kusikiliza huku anajifuta machozi. Nimekimbilia stoo, nikajibanza nyuma ya ngao.

Ijumaa, 7 Machi
Makubwa! Foleni hadi getini. Wote wanaulizia ngoma ya mama mkali. Mkurugenzi kaniita. Nikanyoosha tai. Kumbe anataka namba ya mama mkwe, aje arekodi upya vifaa vyote vilivyobaki. Na ukuu wa kitengo? Kapewa Kipara, maana ndiye aliyepanga wageni jana wakati mimi sionekani. Dunia haina haki.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaja kurekodi, kajitanda khanga mpya. Kwenye vyungu vya kale kaanza kwa kuuliza ni nani aliyeviacha na masizi. Kila mtu hoi. Tulipopishana koridoni kaniuliza kwa upole: ikiwa kazi yenyewe ndiyo hii, mkwe wangu, mbona kila jioni unarudi unalalamika mgongo? Nikajifanya naitwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa, nimejitafakari kwa kina. Kosa nimeliona: sauti si fani yangu. Mimi ni mtu wa video! Wageni waskani, wamwone mfalme mwenyewe, yaani mimi, akizungumza. Zamu leo ni yangu peke yangu, na ufunguo wa kabati la vioo ninao. Nimeanza na kofia yake ya shaba. Kuingia kichwani, imeingia vizuri sana.
Kutoka, imegoma.