Bibi Pazia

Mwaka 1995, kipupwe, upepo wa Singida ukivuma kana kwamba kuna mtu umemkasirikia. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Niliumbuka.

Sina namna nyepesi ya kulieleza jambo hili, wenzangu.

Jumatano, tarehe 12 Julai, Neema, mke wa Elia, mwanangu wa pekee, alijifungua kwa upasuaji hospitalini mjini. Mjukuu wangu wa kwanza! Ijumaa mtoto akageuka njano kama ua la alizeti, hadi weupe wa macho. Nesi akatueleza kwamba ini lake lilikuwa bado changa, na kwamba mwanga wa buluu ukimpiga kwenye ngozi utaiondoa ile njano. Akamfunga kitambaa machoni, akamlaza na nepi tu chini ya taa. Neema alikuwa bado hawezi kuketi, hivyo nikakabidhiwa mimi zamu ya kumwangalia.

Buluu ile niliifahamu. Ilikuwa ya baa mpya karibu na stendi, mojawapo ya zile zilizoota pamoja na soko huria. (Nilipita nje tu. Mara mbili.)

Tena kwetu Kinyangiri mtoto haonyeshwi wageni kabla ya siku ya kutolewa nje. Sasa huyu, uchi, katika taa ya baa? Kila nesi alipotoka, nilimfunika kwa kanga yangu. Nikisikia ndara zake, naiondoa.

"Bibi, shikamoo. Mtoto anapata mwanga?"

"Marahaba, mwanangu. Wa kutosha kabisa," nilijibu, kwa sauti ya mwanamke mwenye cheti cha elimu ya watu wazima. (Hakuniuliza habari za cheti. Nilimwambia.)

Jumapili asubuhi daktari alisema njano imepanda.

"Isiposhuka kufikia kesho, tutampeleka Dodoma akabadilishwe damu."

Neema alilia bila sauti. Moyo wangu ulipasuka. Nami, kwa huruma, nikaongeza kanga ya pili.

Mchana ule chumba kilitulia. Buluu ilipanda ukutani, ikatanda darini, ikawa alfajiri isiyotaka kukucha. Nikaona ziwa, maji yake hayana mwisho, na marehemu mume wangu akija juu yake bila kulowa, shati lake la harusi likipepea polepole. Alinikaribia, akanitazama kwa upole ule ule wa zamani.

"Funua," alisema.

"Nifunue nini, Baba Elia?"

"Funua, bibi!"

Nikafumbua macho. Daktari! Nyuma yake nesi na kundi la wanafunzi wenye makoti meupe. Wote wanaitazama kanga.

"Nani amemfunika mtoto?"

"Upepo," nilisema.

"Dirisha limefungwa, bibi," akasema mwanafunzi mmoja. (Wapo watu wasiojua kunyamaza.)

Daktari akainua kanga ya kwanza. Akakuta ya pili.

"Basi," alisema, "kanga hizi hazitaugua manjano maisha yao yote."

Wanafunzi walicheka hadi wakaegemea ukuta. Neema, aliyekuwa amejikokota hadi mlangoni ameshika tumbo, hakucheka.

"Mama! Mwanangu apelekwe Dodoma kwa sababu ya kanga?"

Niliketi nimekalia mikono yangu miwili hadi kesho yake, na mtoto akaelea katika buluu ile kama aliyeko ziwani na babu yake. Jumatatu njano ikashuka. Dodoma ikafutwa. Neema akanipa mtoto nimpakate, nami nikalia kwa sauti.

Jumamosi, tarehe 22 Julai, tulimtoa nje Kinyangiri. Nilipovuka kizingiti naye, mama yake Neema alipaza sauti: "Mfunike, mkwe wangu, jua hilo!" Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Kisha mkubwa wa ukoo akasimama, akatangaza rasmi: mtoto ataitwa Mkumbo, jina la babu yake, na bibi yake, kuanzia leo, ni Bibi Pazia.

Nilikata rufaa hapo hapo. Ilitupwa kwa vigelegele.